Maswali ya Wasomaji: Bati Katika Mkanda Mwembamba

Barua nyingi za toleo hili zimetoka mkoani Kagera na kwa majirani wa mkoa huo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu ameona mawe meusi mazito ardhini, naye anataka kujua kama ana mgodi wa bati, yaani metali yenyewe. Tumezipanga kuanzia kulitambua jiwe hadi kuupima mkanda wenyewe, yaani utepe wa jiwe lenye madini unaopita ndani ya mwamba, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Ndugu Mhariri, shamba langu la migomba liko kwenye mteremko wilayani Kyerwa. Kila baada ya mvua kubwa ninaokota vipande vyeusi vinavyong'aa, vizito mno kwa ukubwa wake, karibu na mawe meupe yaliyochanganyika na ulanga. Jirani mmoja anasema ni bati, mwingine anasema ni chuma tu. Nitajuaje kabla ya kugharimia maabara? — Msomaji, Kyerwa

Mahali ulipo, pamoja na hayo mawe meupe yenye ulanga, ni dalili nzuri, lakini weusi na mng'ao peke yake si ushahidi. Madini ya bati yanayochimbwa Kyerwa ni kasiteraiti, ambayo ni muungano wa bati na oksijeni, na ikiwa safi kabisa bati huwa asilimia 78.8 ya uzito wake. Rangi yake huanzia kahawia iliyokoza hadi nyeusi. Kwa bahati mbaya, katika miamba hiyo hiyo hupatikana turmalini, magnetaiti, hemataiti, ilmenaiti, koltani na wolframu, ambazo zote zinaweza kuwa nyeusi na kumdanganya hata mchimbaji mzoefu.

Kipimo cha kwanza ninachokushauri ni cha uzito, kwa sababu hakihitaji kemikali. Chagua kipande kisicho na jiwe jeupe ndani yake, kipime kwa mizani ya sonara kikiwa kikavu, kisha kifunge kwa uzi mwembamba na ukipime tena kikiwa kimening'inia ndani ya maji bila kugusa chombo. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Tuseme kipande cha gramu 50 kimepungua gramu 7.2 kilipozamishwa: jibu lako ni takriban 6.9, nacho ni kiwango cha kasiteraiti, ambayo huwa kati ya 6.8 na 7.1. Turmalini, ambayo ndiyo huwapotosha watu wengi zaidi, huwa karibu 3.1 tu, ilmenaiti karibu 4.7, na magnetaiti karibu 5.2. Kipande kilichobaki na kwatzi, yaani lile jiwe jeupe, ndani yake kitakupa jibu la chini kuliko ukweli, kwa hiyo rudia kipimo kwa vipande kadhaa.

Wolframu na baadhi ya koltani huwa nzito sawa na kasiteraiti au kuipita, na hapo uzito hautoshi. Sugua jiwe lako kwenye upande wa nyuma wa kigae cha sakafu, ule usio na rangi ya kung'aa. Kasiteraiti huacha alama nyeupe au ya kahawia hafifu sana, ilhali wolframu huacha kahawia iliyokoza inayokaribia weusi, na hemataiti huacha wekundu. Tena wolframu hukwaruzika kwa ncha ya kisu kizuri, na kasiteraiti haikwaruziki. Sumaku ya kawaida itavuta magnetaiti na kuiacha kasiteraiti.

Kipimo cha mwisho ni cha zamani na bado kinaaminika. Punje za kasiteraiti huwekwa juu ya kipande cha zinki na kumwagiwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Baada ya dakika chache punje hizo huvaa utando wa kijivu wa bati lenyewe, ambao ukisuguliwa hung'aa. Asidi hiyo huunguza ngozi na mvuke wake hudhuru mapafu, na gesi inayotoka zinki inapoliwa hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo afadhali kazi hiyo uiache kwa mwalimu wa kemia au fundi wa maabara, nje, mbali na moto.

Shikamoo Mhariri. Huku kwetu Karagwe tumesoma kwamba bati hutokana na granaiti, lakini wazee waliofanya kazi kwenye machimbo tangu enzi za Waingereza hawachimbi penye granaiti. Wanachimba kwenye matuta ya mawe magumu na shisti. Nani yuko sahihi? — Msomaji, Karagwe

Marahaba. Wote wako sahihi, ila wazee wanajua jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Miamba ya Karagwe na Kyerwa ni sehemu ya ukanda mmoja wa kijiolojia unaoitwa Karagwe-Ankole, unaoanzia kaskazini-magharibi ya Tanzania na kupita kusini-magharibi ya Uganda, Rwanda na Burundi. Upande wa Kongo unaendelea na ukanda wa Kibara, wenye historia inayofanana sana na huu. Sehemu kubwa ya miamba yake ilikuwa mchanga na matope yaliyotulia majini, yakafukiwa, yakakunjwa na kupikwa kwa joto la ardhini, hata mchanga ukawa kwatzaiti na matope yakawa shisti na filaiti.

Granaiti, yaani miamba iliyoganda kutoka uji wa moto, ziliingia ndani ya miamba hiyo kwa vipindi zaidi ya kimoja. Kundi kubwa lina umri wa takriban miaka milioni 1,375, na kundi hilo halihusiani na bati. Kundi la baadaye, la takriban miaka milioni 986, ndilo linaloitwa granaiti za bati. Kwa hiyo kuona granaiti juu ya kilima si habari njema wala mbaya mpaka ijulikane ni ya kundi gani, na kilima kizima cha kundi la kwanza hakina la kumfaa mtafuta bati.

Hata granaiti ya kundi la pili mara nyingi haina bati la kuchimbika ndani yake. Ilipokuwa ikipoa, ilibakiza maji ya moto yenye chumvi yaliyobeba bati, na maji hayo yakapanda juu kupitia nyufa, hasa kwenye migongo ya mikunjo ambako miamba ilikuwa imepasuka. Yalipofika mahali penye joto la takriban nyuzi 300 na kuanza kubadilishana kemikali na miamba ya kando, bati likashindwa kubaki ndani ya maji, likaganda kuwa kasiteraiti pamoja na kwatzi na ulanga. Ndiyo maana mkanda wa bati huwa mweupe katikati, huku ulanga wa rangi ya fedha ukiwa umejipanga kwenye kingo zake, na mara nyingi kasiteraiti hukaa palepale kwenye ulanga kuliko katikati ya jiwe jeupe. Mchimbaji anayevunja jiwe jeupe na kutupa ulanga huenda anatupa alichokuja kutafuta.

Kuhusu matuta magumu, kwatzaiti huvunjika kwa nyufa zilizonyooka zinazobaki wazi, ilhali shisti hujipinda na kujifunga. Mkanda unaopita katika kwatzaiti huelekea kuwa na unene unaotabirika, na ukishaingia katika shisti huweza kunenepa hatua tatu na kukonda hadi kuwa uzi hatua ya nne. Machimbo ya Rutongo nchini Rwanda, yanayojulikana sana katika ukanda huu, yako kwenye mikanda ya kwatzi iliyoingia katika mgongo wa mkunjo kama niliyoitaja juu.

Ndugu Mhariri, nilipeleka maabara kilo mbili za mawe yaliyosagwa. Nikiosha unga huo kwenye karai ninaona punje nyeusi waziwazi, lakini cheti kinasema bati ni asilimia 0.03. Je, nimeibiwa? — Msomaji, Bukoba

Kabla ya kumshuku mtu, tazama kwenye cheti chako njia iliyotumika kuandaa sampuli. Kasiteraiti haiyeyuki katika asidi za kawaida, hata ile mchanganyiko inayoyeyusha dhahabu. Maabara ikipokea sampuli bila maelezo, huenda ikaipitisha katika njia ileile inayotumika kwa dhahabu, shaba au nikeli: unga huwekwa katika asidi, kimiminika hupimwa, na kilichobaki chini hutupwa. Bati lako limo katika hicho kilichobaki chini. Mashine imesema kweli kuhusu kimiminika ilichopewa.

Peleka tena sehemu ya sampuli ileile na uandike kwenye fomu kwamba unatafuta bati lililo katika kasiteraiti, na kwamba unaomba ama unga uyeyushwe kwa moto pamoja na peroksaidi ya sodiamu kabla ya kupimwa, ama upimwe kwa miali ya eksirei ukiwa bado yabisi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye makao makuu Dodoma, ina maabara na wataalamu wa kukushauri juu ya njia inayofaa.

Niongeze neno kuhusu vile vifaa vya mkononi vya eksirei, ambavyo siku hizi wanunuzi huja navyo machimboni. Kifaa hicho husoma eneo dogo sana la uso wa jiwe. Kikielekezwa kwenye punje kitasema asilimia 60, kikisogezwa sentimita mbili kitasema sifuri, na yote mawili ni kweli. Kinafaa kwa unga uliosagwa vizuri na kuchanganywa. Sikishauri kitumike kukadiria mkanda kwa kulenga jiwe moja moja, hasa ikiwa aliyekishika ndiye anayetaka kununua.

Mhariri, kwa nini huku Kongo, kwa mfano Manono, bati na koltani hutoka shimo moja, wakati rafiki zangu wa Kagera wanasema wao hupata bati tu? — Msomaji, Bukavu

Kwa sababu si aina moja ya mwamba. Manono ni pegmataiti, yaani mwamba wa fuwele kubwa uliotokana na mabaki ya mwisho ya granaiti yenyewe yakiwa bado ni uji wa moto, na uji huo ulibeba bati, koltani na hata lithiamu, ambayo ndiyo imewavuta wawekezaji Manono katika miaka ya karibuni. Gatumba nchini Rwanda nako kuna pegmataiti zenye bati na koltani. Mikanda ya kwatzi, kama ile ya Kyerwa na Rutongo, ilitokana na maji ya moto yaliyosafiri mbali zaidi na chanzo. Maji hayo hubeba bati vizuri lakini tantalamu, ambayo ndiyo metali iliyomo katika koltani, hubaki nyuma. Mchimbaji wa Kagera akianza kuona fuwele kubwa za feldispa pamoja na jiwe jeupe, na ulanga wa ukubwa wa kiganja, ajue huenda amefika kwenye pegmataiti na aombe koltani ipimwe pia. Bati na koltani, pamoja na wolframu na dhahabu, yote yako chini ya utaratibu wa vyeti wa nchi za Maziwa Makuu, na karatasi za asili ya mzigo zitadaiwa tangu shimoni.

Kama shamba ni langu kwa urithi, je, na bati lililomo ni langu? — Msomaji, Ngara

Hapana. Nchini Tanzania madini ni mali ya umma, na haki ya ardhi haikupi haki ya kuchimba. Leseni ya uchimbaji mdogo chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hutolewa kwa Watanzania, kwa eneo lisilozidi hekta 10 na kwa miaka 7 inayoweza kuhuishwa. Lakini nawe una ulinzi wako: mwenye leseni hawezi kuingia kuchimba katika shamba linalokaliwa kihalali bila ridhaa ya mwenye shamba. Nenda kwa Afisa Madini Mkazi na viwianishi vya eneo lako mapema, kwa kuwa maombi hushughulikiwa kwa kufuata nani ametangulia.

Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana kumi na wawili wenye leseni. Tuna mkanda wa unene wa sentimita 20 tulioufuata kwa mita 60. Tumechimba maduara, yaani mashimo ya kushukia, manne: moja lina bati zuri sana, jingine kidogo, na mawili hayana kitu. Mtu anataka kuweka fedha lakini anauliza tuna tani ngapi. Tumjibu nini? — Wasomaji, Kyerwa

Swali hili ndilo nililolitafuta katika mfuko mzima wa barua, kwa sababu maeneo mengi madogo ya bati hufia hapa baada ya watu kulipima duara lao bora na kulifanya ndilo mkanda wote.

Tufanye hesabu kwa kudhani mema. Mkanda wa urefu wa mita 60, unene wa mita 0.2 na kina cha mita 10 una mita za ujazo 120. Kila mita ya ujazo ya kwatzi ina uzito wa tani 2.65, kwa hiyo mna tani 318 za mwamba. Tuseme wastani wa bati ni asilimia 1, ambao ni wastani mzuri. Mna tani 3.18 za bati ardhini. Sasa ingieni shimoni. Hakuna mtu anayeweza kufanya kazi katika nafasi ya sentimita 20. Duara na njia yake lazima iwe na upana wa mita moja hivi, na zile sentimita 80 zilizosalia ni shisti isiyo na kitu. Mtavunja tani 318 za mkanda pamoja na takriban tani 1,300 za mwamba mtupu, na ikiwa vyote vitakwenda kwenye karasha, yaani mashine ya kuvunja mawe, bila kutenganishwa, wastani wenu umeshuka hadi asilimia 0.2. Uoshaji wa kawaida hupoteza punje laini. Mkiokoa asilimia 60 mtapata bati tani 1.9, sawa na karibu tani 3 za mzigo safi wenye bati la asilimia 65. Hizo tani 3 ndizo zilipie baruti, mafuta, pampu, mbao za kuegemeza kuta na chakula cha watu kumi na wawili hadi kina cha mita 10.

Kwa hiyo kuliko kuhangaikia jiwe lenye bati nyingi zaidi, angalieni unene wa mkanda, mwendelezo wake, na uwezo wenu wa kutenganisha mkanda na kuta zake. Vunjeni ukuta upande mmoja kwanza na kuutoa kama kifusi, ndipo muangushe mkanda juu ya turubai. Kazi hiyo ya mikono huokoa fedha kuliko mashine mpya.

Kuhusu maduara mawili matupu, msiyafukie wala msiyafiche. Shukeni na mtazame mkanda unapita katika mwamba gani. Ikiwa duara lenye utajiri liko ndani ya kwatzaiti na yale matupu yako ndani ya shisti, mmepata jibu lenye thamani kuliko sampuli kumi, kwa maana mtajua wapi pa kuelekea. Ikiwa yote manne yako katika mwamba mmoja, basi bati lenu limekaa kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna umbali ambao bado hamjaupima. Chimbeni mtaro mfupi kuukata mkanda kila baada ya mita 5, na katika kila mtaro mkwangue mfereji wa upana na kina kilekile kutoka ukuta hadi ukuta, mkichukua jiwe zuri na baya kwa usawa. Sampuli ya kila mfereji iwe ya kilo tatu hadi tano, na kingo za ulanga ziwekwe katika mfuko wake peke yake. Mwenye mkono unaopenda kuokota punje nyeusi asipewe kazi hiyo.

Kuna jambo ambalo hamkuliuliza. Mkanda ulioko juu ya mteremko umekuwa ukioza kwa muda mrefu sana, nayo kasiteraiti, kwa kuwa ni nzito, ngumu na haiozi, imebaki katika udongo ulio chini yake. Pimeni udongo huo kabla ya kuongeza hata hatua moja ya kina. Chimbeni mashimo madogo kwa mistari kuelekea bondeni, hadi mwamba uliooza, na kutoka kila shimo mjaze ndoo kumi za lita 20, muoshe na kupima uzito wa kinachobaki. Ndoo kumi ni lita 200, kwa hiyo zidisha kwa tano kupata mita moja ya ujazo. Gramu 300 kutoka ndoo kumi ni kilo moja na nusu kwa kila mita ya ujazo ya udongo uliochimbuliwa. Mita za ujazo 1,500 za udongo kama huo zingewapa kilo 2,250 bila baruti na bila karasha, karibu na zile tani 3 za mkanda. Kumbukeni kwamba udongo ukishachimbuliwa huvimba, kwa hiyo msizidishe kipimo cha ndoo kwa ujazo wa ardhi ambayo haijaguswa kana kwamba ni kitu kimoja. Maji ya kuoshea yapitisheni katika bwawa la kutuliza tope kabla ya kuyarudisha kijitoni.

Na kabla ya mtu yeyote kutoboa mwamba kwa mashine, maji yawepo kwenye tundu. Vumbi la kwatzi halionekani likidhuru, makovu yake mapafuni hayaponi, na mwenye mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi.

Mtu wenu wa fedha msimpe tani. Mpeni ramani ya mkanda iliyochorwa kwa kipimo, yenye unene katika kila mtaro, aina ya mwamba uliouzunguka, asilimia ya bati kwa kila mfereji pamoja na njia ya maabara iliyotumika, maduara matupu yakiwemo, na uzito uliooshwa kutoka kila shimo la udongo. Akisisitiza kupata tani kabla ya mitaro hiyo kuchimbwa, mwambieni agharimie mitaro kwanza.